Kiazi Kisichoandikwa

Andika ulichokiona, ulichokisikia kiache kwenye sikio. Hiyo ndiyo kanuni aliyofundishwa Bartley Lavelle alipoingia upolisi, na hakuna siku aliyokubali kwamba aliivunja. Aliyemfundisha ni Sajenti Gilhooly wa kituo cha Kilvoran, mtu mzima mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa tumbaku, ambaye alikwisha kuona watu wakipelekwa jela kwa maneno ya walevi.

"Wakubwa wa Dublin hawakijui kijiji hiki, Lavelle," Gilhooly alimwambia. "Wanachokijua ni karatasi yako. Ukiitia uongo umewapofusha, na kipofu mwenye bunduki ni hatari kwa kila mtu."

Kanuni ilikuwa njema. Lakini hata mwoga anaweza kujificha nyuma ya kanuni njema, na hapo hujificha vizuri kuliko nyuma ya uongo, maana hakuna anayekwenda kumtafuta huko.

Bartley alizaliwa Erris, pembeni kabisa mwa kaunti ya Mayo, ambako upepo haupumziki na shamba la baba yake lilikuwa matuta machache ya viazi kati ya mawe na kinamasi. Alikuwa mtoto wa tatu wa kiume, na shamba lile lisingemlisha hata wa kwanza. Alikuwa na mwandiko mzuri. Mwalimu wake alimwambia kwamba kwa mwandiko ule, ama aende upadri ama aende polisi, na upadri ulitaka ada. Siku alipoondoka, mama yake hakumlaani wala hakumbariki. Polisi wenye koti jeusi kama alilokwenda kulivaa ndio waliosimama kando bibi yake alipotolewa nyumbani na paa likabomolewa. Mama alimfungia mkate, akasema, "Vaa viatu vyao, mwanangu, lakini mguu ubaki wako."

Askari hakupangwa kaunti aliyozaliwa. Serikali haikutaka mtu amkamate binamu yake, au ashindwe kumkamata. Basi Bartley akapelekwa kaunti ya Clare, kwenye kituo cha Kilvoran, ambako watoto walimwita Koti Jeusi na wazee walinyamaza kila alipoingia dukani. Miaka ilipita hivyo. Alizoea kunyamaziwa kama mtu anavyozoea kiatu kibaya.

Aliyevunja kimya hicho ni Sabina Considine. Walikutana kisimani.

"Wewe Koti Jeusi, umepotea au unatafuta mtu wa kumfunga?"

"Natafuta maji."

"Basi ifunge ndoo. Labda itakiri."

Bartley alicheka, na kicheko chake mwenyewe kilimshtua. Sabina alikuwa mwanamke wa mikono mikavu na ulimi usio na mlango, aliyebaki na kaka yake, Thady, kwenye shamba la marehemu wazazi wao. Kijiji kizima kilimpenda Thady kwa mizaha yake. Alipogundua kwamba dada yake anazungumza na polisi, hakupigana wala hakununa. Alianza tu kumwita Bartley "shemeji" mbele za watu, kwa sauti kubwa, mpaka Bartley akawa mwekundu shingoni.

"Shemeji! Posa utaleta lini, au unangoja amri kutoka Dublin?"

Mzaha huo ulikuwa kweli tupu. Askari hakuruhusiwa kuoa bila kibali cha maandishi, na akioa alihamishwa kutoka kaunti ya mkewe. Bartley aliandika ombi lake, na ombi likakaa mezani kwa Inspekta Hallowes, mkubwa wake wa wilaya, likingoja sahihi. Sabina alikubali kuhama. Thady alisema atauza ndama kwa ajili ya harusi.

Ndipo ukaja ule mwaka mbaya wa kodi za ardhi. Mavuno mawili yalikuwa yameharibika, wakulima wakagoma kulipa kodi nzima, na wenye ardhi wakawaleta madalali wa mahakama kufukuza watu majumbani. Sinon Hehir, jirani wa akina Considine, aliufunga mlango wake kwa gogo na kummwagia dalali uji wa moto kutoka dirishani. Alifungwa. Mkewe, Winny, akabaki na watoto wadogo na shamba la viazi ambalo halijachimbwa. Mwezi wa kumi ulikuwa umeingia. Jalidi, ile baridi ya kugandisha udongo, ikishuka kabla viazi havijatoka ardhini, nyumba ile ingekula nini hadi kiangazi?

Kilvoran walifanya walivyofanya siku zote kwa mjane na kwa mgonjwa: waliitisha msaragambo. Kila nyumba itoe mtu na sepeto. Zamani hakuna ambaye angeuliza. Lakini mwaka ule serikali iliogopa hata harusi, na amri ilikuwa kwamba kila mkusanyiko uangaliwe na kuandikiwa ripoti. Gilhooly akamtuma Bartley.

"Nenda wewe. Wewe hawatakurushia mawe," alisema. "Watakurushia maneno tu."

Asubuhi ile ilikuwa na ukungu. Njia ya kwenda kwa Winny ilipita kati ya kuta mbili za mawe, nyembamba hivi kwamba watu watatu hawapiti sambamba. Kwa hiyo walikuja wawili wawili, na sepeto, ambayo haina pengine pa kukaa mtu anapotembea, ilikaa begani. Walipofika wakajigawa kwenye matuta, kila nyumba na tuta lake. Bartley alisimama ukutani, bunduki mgongoni.

"Shemeji!" Thady alipaza sauti kutoka kwenye tuta. "Umekuja kuchimba au kuchunguza?"

"Kuangalia tu."

"Basi angalia hiki." Aliinua kiazi chenye udongo. "Amejificha chini tangu Pasaka, hana kibali cha mtu. Mkamate!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee mmoja akasema, "Mwache kijana wa watu. Anaogopa akishika sepeto tutajua amezaliwa wapi."

Walicheka tena, na Bartley akatazama viganja vyake. Mzee alisema kweli. Viganja vile vilikuwa vinawasha. Kila sepeto iliyozama ardhini aliisikia mabegani mwake, na alipomwona mtu mmoja akikata kiazi kwa uzembe, nusura amkemee.

Kufika adhuhuri, Winny alikuwa amechemsha sufuria kubwa ya viazi nje, juu ya moto wa udongo mkavu wa kinamasi, ambao huko huchomwa kama kuni. Thady akachukua pembe ya ng'ombe, akaipuliza mara moja, ndefu. Huko Kilvoran pembe ikilia shambani maana yake ni moja: chakula tayari. Bartley aliwahi kuuliza maana yake mwaka wake wa kwanza, kwa sababu kwao Erris hakuna desturi hiyo, na alichekwa mwezi mzima. Watu waliacha sepeto zimesimama matutani, wakaizunguka sufuria.

Winny Hehir aliwapita wote, akaja mpaka ukutani. Mkononi alikuwa na kiazi kilichopasuka kwa kuiva, kimenyunyiziwa chumvi, na kikombe cha mtindi.

"Kula, mwanangu."

"Siruhusiwi, mama."

"Njaa haina koti. Kula."

Akala. Alikula akiwa amesimama, ngozi na vyote, na Sabina alimtazama kutoka kando ya sufuria akatabasamu. Bartley aliwahi kusema baadaye kwamba hakula kitu kitamu kama kile tangu atoke kwa mama yake.

Alasiri shamba lilikuwa limekwisha kuchimbwa. Watu wakarudi makwao kwa njia ile ile, wawili wawili.

Kituoni, Bartley aliketi dirishani akaandika. Aliandika kwamba watu zaidi ya mia walifika nyumbani kwa mfungwa Hehir. Walikuja kwa safu ya wawili wawili. Sepeto zilikuwa mabegani. Adhuhuri pembe ilipulizwa, na wote waliacha kazi mara moja wakakusanyika mahali pamoja.

Hapo kalamu ikasimama. Neno lililofuata lilikuwa "kula". Lakini akiandika kwamba watu walikula, Inspekta atauliza nani alikula, na yeye hajui kusema uongo. Kanuni za jeshi la polisi zilikataza askari kupokea chakula kwa watu aliotumwa kuwaangalia. Na ombi la ndoa lilikuwa mezani kwa Inspekta huyo huyo. Bartley akatia nukta. Akaandika kwamba hapakuwa na ghasia, na kwamba watu walitawanyika mchana.

Gilhooly aliisoma, akaishikilia.

"Walikusanyika kufanya nini?"

"Nimeandika nilichokiona, Sajenti."

"Chote?"

Bartley aliifuta kalamu wino. Gilhooly aliirudisha karatasi mezani. Naye alikuwa karibu kustaafu, na mtu aliye karibu kustaafu hapendi kuuliza swali mara mbili. Akatia sahihi.

Ripoti ikapanda. Inspekta Hallowes hakuipeleka kama ilivyo. Aliandika ripoti yake mwenyewe kutokana na ile ya Bartley, na humo "safu ya wawili wawili" ikawa "safu za kijeshi", na pembe ikawa "ishara". Maneno yale "hapakuwa na ghasia" aliyaona hayana haja. Ilipofika Dublin ilisomwa na mtu ambaye hajawahi kusimama juu ya tuta la viazi. Alichokiona yeye ni watu mia waliopangwa mistari, silaha begani, wakitii pembe moja. Akaandika pembeni: Aliyepuliza pembe ni nani? Askari aliyekuwepo ajibu.

Barua ikashuka mpaka Kilvoran, na Inspekta akashuka nayo, juu ya farasi, kwa sababu alikuwa na shughuli upande ule. Hakuwa mtu mkali. Alikaa kwenye kiti cha Gilhooly akavua glavu.

"Lavelle. Una mwandiko safi. Wenzako wanaandika kama kuku." Alifungua mkoba wake. "Ombi lako la ndoa ninalo hapa. Mwanamke wa hapa hapa?"

"Ndiyo, bwana."

"Jamaa zake ni watu wema?"

"Watu wema, bwana."

"Vizuri. Basi lijibu hili swali la Dublin sasa hivi, nipeleke yote kwa posta moja."

Hakukuwa na tishio katika maneno yale, wala hongo. Ingekuwa heri lingekuwepo moja, maana mtu hujua la kufanya akitishwa. Bartley alichukua kalamu. Angeweza kuandika: Pembe ilipulizwa kuwaita watu chakulani, nami nilikula nao. Sentensi fupi. Badala yake alijibu swali aliloulizwa, na si zaidi ya aliloulizwa. Pembe ilipulizwa na Thady Considine.

Inspekta alisoma jina, akalisoma tena kwenye ombi la ndoa.

"Ni ndugu wa huyu mwanamke?"

"Kaka yake, bwana."

Hallowes alimtazama kwa heshima ambayo Bartley hakuwahi kutazamwa nayo na mkubwa yeyote. "Basi wewe ni mtu mkweli kweli kweli," alisema, akalitia ombi la ndoa sahihi palepale.

Wakati ule sheria iliruhusu mtu kufungwa kwa kushukiwa, bila kesi. Thady alichukuliwa asubuhi, akiwa anakamua. Waliletwa askari wa wilaya nyingine kwa kazi hiyo. Walipompitisha mbele ya kituo alimwona Bartley mlangoni, na hata wakati huo hakutukana.

"Shemeji," alisema, "mwambie Sabina yule ng'ombe mwekundu ana kidonda kwenye chuchu. Asimkamue kwa nguvu."

Sabina hakungoja kuambiwa. Aliingia kituoni bila kubisha hodi, shali ikiwa imemwangukia mabegani. Gilhooly alimwona, akachukua kofia yake akatoka.

"Ni wewe uliyeandika pembe?"

"Niliulizwa, Sabina. Niliiona. Siwezi kuandika uongo."

"Nani amekuomba uongo? Pembe ililia, kweli. Aliyeipuliza ni Thady, kweli. Ililia kwa nini?"

Bartley aliinua kalamu mezani, akairudisha.

"Nakuuliza wewe. Ililia kwa nini?"

"Kula."

"Hilo uliliandika?"

"Wao hawakuuliza—"

"Hawakuuliza!" Alicheka, kicheko kikavu. "Wewe na ile kanuni yako ya macho na masikio. Miaka yote unanihubiria. Na kile kiazi ulichokishika mkononi, hukukiona? Au ulikisikia?"

Bartley alivuta karatasi tupu karibu yake. Akasema, "Nitaandika. Nitaeleza yote."

"Lini?"

"Kibali kishatiwa sahihi, kinakuja kutoka Dublin. Kikifika tu, tukioana, nitaandika. Nikiandika sasa watakifuta."

"Kwa hiyo kaka yangu alale juu ya jiwe mpaka nguo yangu ya harusi ishonwe."

"Watamwachia baada ya Krismasi. Wote wanaachiwa."

"Andika leo," alisema Sabina, "au usije kwangu tena."

Siku ile hakuandika. Wala ya pili yake. Alijiambia kwamba anatafuta maneno yanayofaa, yeye ambaye maneno hayakuwahi kumpa shida. Alijiambia kwamba barua ya haraka haiaminiwi. Dhamiri ya mwoga ina mawakili wengi, na wote hufanya kazi bure.

Kibali kilifika wakati wa Krismasi, pamoja na amri ya kuhama akishaoa. Bartley alikipeleka mwenyewe kwa akina Considine. Sabina alikuwa uani, anamlisha ng'ombe mwekundu. Hakumkaribisha ndani.

"Hiyo karatasi ina jina langu?"

"Ina."

"Basi likate." Akarudi kwa ng'ombe. Bartley aliikunja karatasi bila kulikata, na barua akaiahirisha tena, akitumaini Sabina angeghairi.

Thady alikuwa na kifua dhaifu tangu utotoni. Kijiji kizima kilijua, na Bartley alijua. Jela ile ilikuwa kando ya mto, kuta zake zilitoa maji. Homa ya mapafu ilimchukua kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Brigid, mwanzoni mwa mwezi wa pili. Walimleta Kilvoran kwa mkokoteni, na watu waliofuata jeneza walipita njia ile ile ya kuta mbili, wawili wawili. Safari hii hakuna askari aliyetumwa kuandika chochote. Winny Hehir alitembea mbele. Alipokipita kituo hakugeuza kichwa.

Siku ile ndipo Bartley Lavelle alipoandika. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandika. Aliandika upana wa njia, na kwa nini watu walikwenda wawili wawili. Aliandika maana ya pembe huko Kilvoran. Aliandika sufuria, moto, chumvi, kikombe cha mtindi, na kiazi alichopewa na mke wa mfungwa, akakila amesimama ukutani. Aliandika kwamba marehemu Considine hakuongoza jambo lolote isipokuwa mlo wa mchana. Gilhooly aliisoma, akafuta macho, akasema, "Hii ndiyo ripoti, Lavelle. Hii ndiyo uliyopaswa kuniletea mwezi wa kumi." Akaipeleka juu.

Majibu yalikuja mapema kuliko kawaida. Kuhusu pembe hayakusema neno. Kuhusu Thady Considine yalisema kwamba suala lake limefungwa kwa sababu ya kifo. Yaliyobaki yote yalikuwa juu ya kiazi. Askari Lavelle amekiri kupokea chakula kutoka kwa watu aliotumwa kuwaangalia. Apewe onyo kali, kibali chake cha ndoa kifutwe, na uhamisho wake uharakishwe.

Alipelekwa kaskazini, kwenye mji wa viwanda vya kitani, ambako alitumikia mpaka nywele zikawa nyeupe na hakupandishwa cheo kamwe. Vijana waliomjia kujifunza aliwafundisha kanuni ile ile, andika ulichokiona, na akawaambia kwamba yeye hajaandika uongo hata siku moja maishani. Hilo ni kweli. Karatasi zake zote zingeweza kusomwa mbele ya kiapo. Mtu aliyepanga naye chumba uzeeni alisema alikuwa mpangaji mtulivu, ila hakula viazi, jambo la ajabu kwa mtu wa Mayo.

Sinon Hehir aliachiwa majira ya joto. Alirudi na mguu usiokunjika, hawezi kuchimba. Mwezi wa kumi ulipofika, hakuna aliyeitisha msaragambo Kilvoran. Watu walikutana barabarani, wakaongea juu ya hali ya hewa, wakaachana upesi, maana watatu wakisimama pamoja ni mkusanyiko. Jalidi ilishuka mapema. Viazi vya Winny vilioza ndani ya matuta, na mwezi wa tatu yeye, mumewe na watoto wakapanda meli ya kwenda Amerika. Sabina alilima shamba la kaka yake peke yake mpaka akafa, hakuolewa.

Kiazi kimoja kisichoandikwa kiligharimu uhai wa Thady Considine, nyumba ya akina Hehir, na ndoa ya Bartley Lavelle. Tangu mwaka ule pembe haikupulizwa tena Kilvoran. Kila mtu alichimba tuta lake, akala peke yake.